Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii umeisikia mara nyingi, msomaji wangu, na yamkini umeitia katika insha zako ili mwalimu akuongezee alama. Maana yake haina fumbo kubwa. Achezaye ngoma mbele ya watu wake, watu hao humjua, humpenda na humtuza. Mmoja humpa fedha, mwingine humvika kanga, na mama yake mzazi humpigia vigelegele hata kama amekosea hatua. Achezaye ugenini hana wa kumtuza. Akianguka huchekwa, akifanya vyema huulizwa ametoka wapi. Kwa sababu hiyo methali hii imekuwa kwa miaka mingi kama kamba ya kumrudisha nyumbani kila aliyetaka kwenda mbali.

Sina ugomvi na wahenga. Lakini kila methali ina jambo inalolidhania bila ya kulitaja, na hii imedhania kwamba kwao mchezaji ngoma yake ipo. Je, kama haipo? Mtu aliyejaliwa miguu ya ngoma isiyopigwa kijijini pake afanye nini? Aiache miguu yake ilale ili apate kukaa na watu wake, au aifuate ngoma iliko na kuwaacha wale waliomlea? Na wale waliomlea wana haki gani ya kumdai, nao ndio waliomlisha hata miguu hiyo ikapata nguvu?

Swali hili si la kupitishia wakati. Mimi ni mwalimu katika milima ya Kipkelion, penye kituo cha reli ambacho zamani kiliitwa Lumbwa. Wazazi wa huku hulipa karo kwa maziwa, kwa mahindi na kwa kahawa, na wale wa upande wa Kericho hulipa kwa bonasi ya majani chai, ambayo kila kilo yake imechumwa kwa vidole, majani mawili na chipukizi, asubuhi yenye umande wa baridi. Mzazi alipaye namna hii halipi fedha tu. Hulipia picha iliyomo moyoni mwake. Katika picha hiyo mwanawe amevaa koti jeupe la daktari, au ameketi nyuma ya meza ya benki, au anapima barabara kwa vyombo vya uhandisi. Sijaona bado mzazi aliyeniambia kwamba katika picha yake mwanawe anacheza ngoma. Nanyi mnajua hivyo, ndiyo maana kila mwaka kuna mwanafunzi ambaye ana kitu asichothubutu kukitaja nyumbani.

Yuko kijana wa Kenya ambaye habari zake zinatusaidia kulitazama jambo hili kwa karibu. Jina lake ni Joel Kioko. Alikulia Kuwinda, mtaa wa mabanda ulio jirani na Karen jijini Nairobi, mahali ambapo mabati ya maskini na majumba ya matajiri hutazamana. Kioko kwa Kikamba ni jina la mtoto aliyezaliwa asubuhi. Somo lake la kwanza la ngoma iitwayo baleti alilipata akiwa mvulana wa shule, katika darasa la kawaida lisilokuwa na kioo ukutani wala ule mti wa kushikilia ambao kila chumba cha ngoma hii huwa nao. Mwalimu aliyemwendeleza ni Cooper Rust, mwanamke Mmarekani, ambaye mwaka 2015 alianzisha Nairobi chuo kiitwacho Dance Centre Kenya. Mwaka 2016 Kioko alikuwa akijifunza Marekani. Mwezi wa Desemba alirudi nyumbani akacheza Nairobi katika The Nutcracker, mchezo ambao muziki wake ulitungwa na Mrusi Tchaikovsky na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1892. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 16. Mwaka uliofuata akaingia katika shule ya English National Ballet, mjini London.

Sasa iweke methali yetu kando ya habari hii uone jinsi zinavyosukumana. Kioko alicheza kwao, na walioketi katika jumba lile walimtuza kwa makofi. Lakini makofi hayajengi nyumba, na nchini Kenya wakati huo hapakuwa na kundi la baleti la kumwajiri kijana kwa mshahara wa kila mwezi. Ili ngoma yake ikue ilimpasa aondoke. Je, alikosa? Sidhani hata mmoja wenu atasema amekosa. Lakini tukimtoa Kioko hatiani mapema mno tutakuwa hatujalijibu swali, kwa kuwa habari yake ni nyepesi kwa upande mmoja: kuondoka kwake hakukuwa ugomvi na mtu. Wako wengine ambao mambo yao yalikuwa mazito kuliko hayo, na kwao nitakupeleka hivi punde.

Kwanza niondoe kizuizi kimoja. Wapo miongoni mwenu watakaosema kwamba ngoma hiyo ni ya wanawake, na kwamba mwanamume aliyekwisha kuingia jandoni hawezi kuvaa suruali ya kubana akarukaruka mbele ya watu. Nitawajibu kwa ufupi. Baleti ilizaliwa katika majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa, na mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliicheza yeye mwenyewe. Mwaka 1653, akiwa kijana wa miaka 14, alitokea mbele ya watu wake amevaa vazi la jua. Mwaka 1661 alianzisha chuo cha ngoma hiyo, na hadi leo majina ya hatua zake ni ya Kifaransa. Katika jumba la Opera la Paris wanawake waliolipwa kwa kazi hiyo hawakupanda jukwaani mpaka mwaka 1681. Kabla ya hapo hata nafasi za wanawake zilichezwa na wanaume. Kuhusu kuruka, mwulizeni morani wa Kimaasai kama kuruka juu kunampunguzia uanaume. Na kuhusu suruali, sioni neno. Mkimbiaji naye havai kanzu.

La maana zaidi ni kazi iliyomo. Mcheza baleti huanza kila asubuhi kwa kushika mti ulio ukutani na kukunja magoti, akiigeuza miguu yake nje kutoka nyongani. Ziko namna tano za kuiweka miguu, naye huzirudia zote. Mtoto wa miaka 8 hufanya hivyo, na mchezaji mashuhuri kuliko wote ulimwenguni hufanya hivyo hivyo, asubuhi ile ile, bila ya kusamehewa. Kisha huacha mti akasimama katikati ya chumba, akazunguka juu ya mguu mmoja mara nyingi pasipo kuyumba, kisha huruka. Mwanamume hufundishwa tena kumwinua mwenzake juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, na kumshusha kama mtu atuaye yai. Haya yote hufanywa kwa uso uliotulia, kwa kuwa ni aibu mtazamaji akiona jasho la kazi. Miaka ya mafunzo haipungui minane kwa kawaida, na mwili ukifika miaka 40 huanza kumkana mwenyewe. Hakuna mtu mvivu aliyepata kuifika ngoma hii, na jambo hili nakuomba ulishike, kwa kuwa ndilo litakalotupa kipimo.

Wako baba wawili ambao napenda kuwafananisha. Wa kwanza ni Pedro Acosta wa Havana, katika kisiwa cha Kuba, dereva wa lori, mtu mweusi wa ukoo uliotoka katika utumwa wa mashamba ya miwa. Mwanawe Carlos, aliyezaliwa mwaka 1973, alipenda mpira wa miguu na mitaa. Baba akaogopa kwamba mitaa itamla, akamtia kwa nguvu katika shule ya baleti ya serikali, ambako mafunzo yalikuwa bure na chakula cha mchana kilitolewa. Mtoto hakutaka. Alitoroka masomo, akafukuzwa shule, na baba hakukubali. Akapelekwa shule nyingine ya bweni mbali na mji. Ni baada ya kumwona mchezaji mmoja hodari akiruka jukwaani ndipo Carlos alipotamani mwenyewe kile alicholazimishwa. Mwaka 1990, akiwa na miaka 16, alipata nishani ya dhahabu katika mashindano ya Lausanne, Uswisi. Mwaka 1998 akaingia Royal Ballet ya London, akawa mmoja wa wachezaji wakubwa wa zama zake, na mwaka 2020 akawa mkuu wa Birmingham Royal Ballet. Huyu basi ni mtoto aliyepinga la mzazi, na mzazi akawa amesema kweli.

Baba wa pili ni Hamet Nureyev, Mtatari wa jamii ya Kiislamu, mtoto wa wakulima, aliyepanda cheo katika jeshi la Urusi ya Kisovieti. Mke wake Farida alikuwa safarini kumfuata huko mashariki ya mbali, mwezi wa Machi mwaka 1938, uchungu ukampata ndani ya gari moshi, akamzaa mtoto wa kiume karibu na ziwa Baikal. Mtoto huyo aliitwa Rudolf. Vita vilipoanza baba alikwenda mstari wa mbele, na mama akabaki mjini Ufa na watoto wanne, mvulana mmoja na dada zake watatu, katika njaa ambayo sisi tuliozaliwa penye mahindi na maziwa hatuwezi kuikisia. Siku moja mama alipata tiketi moja ya kuingia katika jumba la michezo. Akajipenyeza nayo pamoja na watoto wake wote. Rudolf alikuwa na miaka 7 hivi. Alipoona wachezaji alijua, kama alivyosema mwenyewe baadaye, kwamba hakuna kazi nyingine atakayoifanya duniani.

Baba aliporudi kutoka vitani alikuta mtoto asiyemjua, acheza ngoma. Akamkataza. Alimtaka awe mhandisi au daktari. Usimchukie upesi baba huyu, msomaji wangu. Yeye alitoka katika udongo akainuka kwa taabu, na machoni pake mwana apendaye kucheza alikuwa anataka kurudi chini kule alikotoka baba. Hofu yake ilikuwa hofu ya njaa, ile ile iliyomo katika kifua cha baba yako anapotia saini fomu ya karo. Lakini kijana alicheza kwa siri. Alifundishwa na mwanamke mzee aliyekuwa mchezaji zamani, akijificha, akidanganya alikokwenda. Mwaka 1955, akiwa na miaka 17, alipokewa katika shule kuu ya ngoma ya Leningrad, akaketi na wanafunzi walioanza tangu utotoni. Alitakiwa kujifunza katika miaka mitatu yale ambayo wenziwe walipewa muda zaidi ya mara mbili. Akayajifunza. Mwaka 1958 aliingia katika kundi la Kirov, na mara moja akapewa nafasi kubwa.

Kisha ikaja tarehe 16 Juni mwaka 1961. Kundi lilikuwa limecheza Paris na lilikuwa katika uwanja wa ndege wa Le Bourget likienda London. Nureyev, ambaye alikuwa amekasirisha wakubwa kwa kutembea na Wafaransa na kurudi usiku, aliambiwa kwamba yeye hataendelea na safari. Anatakiwa Moscow, na tena mama yake ni mgonjwa. Alielewa kwamba akirudi hatatoka tena, na pengine hatacheza tena. Akawaendea polisi wa Ufaransa akaomba ulinzi. Alikuwa na miaka 23, na vitu vyake vyote vilikuwa ndani ya ndege.

Yaliyofuata huku Magharibi yamesimuliwa sana, nami sitayarefusha. Mwezi wa Februari mwaka 1962 alicheza London na Margot Fonteyn, aliyekuwa na miaka 42, bibi aliyedhaniwa kwamba wakati wake umekwisha, na wawili hao wakacheza pamoja kwa miaka mingi. Vienna, mwaka 1964, watazamaji waliwaita tena jukwaani mara 89. Kuanzia mwaka 1983 hadi 1989 aliongoza baleti ya Opera ya Paris. Kabla yake mwanamume katika ngoma hii alikuwa amekuwa kama nguzo ya kumwegemezea mwanamke. Yeye alimrudisha mwanamume katikati ya jukwaa.

Lakini hesabu ina upande wa pili, na vitabu vya sifa huupitia mbio. Mwaka 1962 mahakama ya nchi yake ilimhukumu miaka 7 gerezani kwa uhaini, yeye mwenyewe akiwa hayupo. Mwalimu wake na jamaa zake waliulizwa maswali na polisi wa siri. Baba alifariki mwaka 1968 pasipo kuonana naye tena. Mama alizeeka Ufa, na sauti ya mwanawe aliisikia katika simu tu. Hadi mwezi wa Novemba mwaka 1987, miaka 26 baada ya Paris, ndipo Nureyev aliporuhusiwa kurudi kwa muda mfupi. Akamkuta mama yake kitandani, maradhi yamemlemaza, na inasemekana hakuwa na yakini ya kumtambua. Miezi michache baadaye mama akafa.

Basi hapa ndipo ninapotaka usimame. Wahenga walisema pia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nureyev hakusikia la mkuu, na guu lake halikuvunjika. Lilikuwa miongoni mwa maguu yaliyotukuzwa kuliko yote ulimwenguni. Kilichovunjika ni kitu kingine, nacho kilikuwa katika nyumba ya mama yake. Aliyeasi alipata, na aliyemtia ndani kwa tiketi moja akalipa. Ukiniuliza kama alitenda haki nitajibu ndiyo, lakini nitajibu polepole.

Wakipsigis wana desturi ya zamani iitwayo kimanagan. Mtu mwenye ng'ombe wengi humpa rafiki yake ng'ombe amtunze. Mtunzaji hunywa maziwa, hutumia samadi, na jirani hawezi kujua kwa kutazama kwamba ng'ombe si wake. Lakini hana ruhusa ya kumchinja wala kumwuza, na siku ya kuulizwa yuko wapi lazima awe na jibu. Naona kipaji ni ng'ombe wa namna hiyo. Mzazi ni mmoja wa watunzaji wake. Ana haki ya maziwa, na haki hii ni ya kweli. Mtoto anayesema kwamba hadaiwi kitu na waliomlisha ni mwongo, hata awe hodari namna gani. Lakini mzazi hana haki ya kumchinja ng'ombe kwa kuwa hapendi rangi yake. Hamet alijaribu kumchinja. Kwa hiyo kijana aliyemfungua usiku akamtorosha hakuiba.

Ila mtoto naye ni mtunzaji tu, si mwenyewe. Akimwacha ng'ombe akakonda kwa uvivu, halafu akawaambia wazazi wake kwamba amekataa udaktari kwa ajili ya sanaa, huyo ametumia jina la kipaji kuficha jina jingine. Ndiyo maana nilikuomba ushike habari ya magoti na mti wa ukutani. Miaka yangu ya kufundisha imenionyesha wengi wanaotaka jukwaa na wachache mno wanaotaka zoezi la asubuhi. Na deni la maziwa halifutwi kwa umbali. Nureyev alizuiwa na serikali, naye ana udhuru. Wako wengi waliokwenda ng'ambo bila kuzuiwa na mtu, na mama zao hawajaisikia sauti yao hata katika simu.

Limebaki neno moja juu ya hilo "kwao" la methali. Tunalisema kana kwamba ni kitu kilichokwisha kujengwa tangu zamani, kina ngoma zake na tuzo zake, na hakiongezeki. Tazama milima hii yetu. Wilson Kiprugut Chumo alikuwa kijana wa Kericho. Katika siku zake za ujana hakuna mzazi wa huku aliyejua kwamba mbio zaweza kuwa kazi ya mtu mzima. Mtu alikimbia kwa kufuata ng'ombe au kwa kukimbia mvua. Mwaka 1964, mjini Tokyo, alikimbia mita 800 akapata nishani ya shaba, ya kwanza ambayo Kenya ilipata kuileta kutoka michezo ya Olimpiki. Mwaka 1968, mjini Mexico, akapata ya fedha. Alifariki mwaka 2022, akiwa amekwisha kuiona nchi nzima ikibadilika. Leo kijana akionekana alfajiri anakimbia peke yake katika barabara ya udongo, hakuna mzee amwulizaye anamkimbia nani. Mzazi yule yule ambaye zamani angemrudisha zizini leo humtafutia viatu.

Kwa baleti hatujafika hapo, wala sisemi kwamba lazima tufike. Pengine ngoma yako ni nyingine, ni uchoraji, ni kupiga fidla, ni kuchonga. Ambaye yuko wa kwanza atacheza bila tuzo, na pengine ataondoka, na baba yake atakosa usingizi kwa haki. Wewe usiye na kipaji hicho una kazi ndogo zaidi katika jambo hili. Ukimwona mwenzako bwenini usiku akijipinda mbele ya dirisha kwa kuwa hapana kioo, usianze kwa kumcheka wala usianze kwa kumsifu. Mwulize amefanya hivyo siku ngapi mfululizo.